Pemba na Wageni Wajao

Mwaka 2024 wageni waliofika Zanzibar walizidi 700,000. Idadi hiyo ni kubwa kwa visiwa ambavyo, kwa sensa ya 2022, havikufikisha wakaazi milioni mbili. Anayetaka kujua wageni hao walikwenda wapi hana haja ya kupekua majedwali marefu. Aghalabu walilala siku moja au mbili Mji Mkongwe, wakapakiwa katika magari kwenda Nungwi na Kendwa upande wa kaskazini, au Kiwengwa, Paje na Jambiani upande wa mashariki, kisha wakarudi uwanja wa ndege wakaenda zao. Waliovuka bahari kwenda Pemba walikuwa wachache mno, na hatuna shaka kwamba katika wale wasiovuka wamo wengi waliorudi kwao bila ya kujua kuwa Zanzibar ina kisiwa cha pili.

Kisiwa hicho cha pili kiko kiasi cha kilomita 50 kaskazini-mashariki ya Unguja. Urefu wake haufiki kilomita 70, na wakaazi wake, ambao ni zaidi ya laki tano, wamegawika katika mikoa miwili na wilaya nne: Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni. Wanajiografia wa Kiarabu walikiita Al-Jazira al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na hadi leo msafiri anayekitazama kutoka juu haoni sababu ya kulibadilisha jina hilo. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa. Pemba ni vilima na mabonde, mikarafuu juu na mpunga chini, na kila upande bahari imeingia nchi kavu kwa mahori yaliyozungukwa na mikoko.

Tunaandika makala haya kwa sababu tunaamini kwamba utulivu huo hautadumu kama ulivyo, wala hatudai udumu hivyo. Mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza nia ya kuwakodisha wawekezaji baadhi ya visiwa vidogo, na siasa ya Uchumi wa Buluu imeelekeza macho ya watu kwenye bahari na fukwe ambazo zamani hazikuwa na mwombaji. Kwa hivyo suala la kama Pemba itafunguliwa limekwisha kujibiwa. Lililobaki ni hili: itafunguliwa kwa masharti ya nani? Yafaa suala hilo lijibiwe sasa, mapema, kabla ya ukuta wa kwanza kusimamishwa kati ya kijiji na diko lake.

KWA NINI PAMETULIA

Utulivu wa Pemba una historia yake, na si yote ni ya kupendeza. Karafuu zililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan ndiye aliyehimiza upandaji wake. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, lakini Pemba haikudhurika kwa kiasi hicho, na tangu hapo ndiyo iliyobeba zao hilo mabegani. Kwa zaidi ya karne nzima kisiwa kilijulikana kwa kile kilichotoka kwake katika magunia. Wachumaji walikuja msimu na kurudi, vyombo vilipakia na kuondoka, na mtu aliyefika kwa ajili ya kutembea tu alikuwa nadra. Wapemba wengi husema kwamba fedha za karafuu zilijenga mengi, na kwamba mengi ya hayo yalijengwa mahali pengine. Ni maneno mazito, nayo hayakuzuka bure.

Baadaye ilikuja misukosuko ya kisiasa iliyofuata chaguzi za 1995 na 2000, na mauaji ya Januari 2001, ambayo yaliacha majonzi katika nyumba nyingi na kuwaondoa hata wale wageni wachache waliokuwa wakifika. Maridhiano ya 2010, na yale ya 2020, yalirudisha matumaini. Lakini mambo ya kawaida ya maisha nayo yalichelewa. Hadi mwaka 2010, ulipotandazwa waya wa umeme chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway, Pemba ilitegemea majenereta ya dizeli, na giza lilikuwa jambo la kila wiki.

Tena kuna bahari yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, ikitoka Unguja kwenda Pemba huku imepakia kupita kiasi, ilizama nje ya Nungwi. Mamia ya watu walipoteza maisha. Mtu anayejiuliza kwa nini msafiri husita kuvuka mkondo huo anapaswa kukumbuka usiku ule, na kukumbuka zaidi kwamba mgeni anaweza kusita na kubaki alipo, bali Mpemba mwenye mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja au mtoto chuoni Unguja hana hiari hiyo.

Haya tumeyataja ili tusije tukadanganyana. Watu wa mbali wakisikia neno utulivu hufikiri juu ya raha. Uchunguzi wa bajeti za kaya wa 2014/15 ulionyesha kwamba umaskini katika Pemba ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa Unguja, na wilaya ya Micheweni, yenye ardhi ya mawe na udongo haba, imetajwa mara kwa mara kuwa ya mwisho katika Zanzibar nzima. Mwenye kusema Pemba iachwe vivyo hivyo ili ipendeze macho ya wapita njia anawaomba maskini wabakie maskini kwa ajili ya picha. Sisi hatumo katika kundi hilo.

KUTOKA MKOANI HADI KIGOMASHA

Hebu tuitazame nchi yenyewe, kusini hadi kaskazini, ili ijulikane tunalolinda ni lipi.

Meli hutia nanga Mkoani, na barabara hupanda mara moja kwenye vilima. Msimu wa karafuu ukiwadia msafiri huijua Pemba kwa pua kabla ya macho: mabusati na majamvi hutandikwa uani na kando ya njia, karafuu zikaanikwa juani hadi zigeuke rangi ya udongo mkavu, na watoto na bibi zao hukaa kuchambua makonyo. Upande huo wa kusini uko Kengeja, ambako katika kiangazi cha Disemba hadi Februari, kama ilivyo Chwale, huchezwa mchezo wa ng'ombe. Fahali hufungwa kamba, vijana humchokoza kwa nguo na kuruka pembeni, wanawake huimba, na mwishowe fahali hurudi zizini mzima kama alivyokuja. Wengi huunasibisha mchezo huo na Wareno waliotawala pwani hii zamani. Asili yake iwe hiyo au nyingine, mchezo ni wa wanakijiji wenyewe, nao huucheza mgeni awepo asiwepo.

Pwani ya mashariki, si mbali na mji wa Chake Chake, yako magofu ya Pujini, ngome iliyojengwa karne ya 15. Watu huinasibisha na mtawala aliyeitwa Mkame Ndume, ambaye masimulizi yanasema aliwalazimisha raia zake kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Karne tano zimepita, kuta nyingi zimeanguka, na kitu kilichosimama imara kuliko vyote ni kumbukumbu ya ule ukatili. Mwenye mamlaka ya kujenga katika nchi hii angefaa kufika Pujini mara moja katika maisha yake.

Katika mji wa Chake Chake yenyewe ipo ngome ya zamani ambayo sasa ni jumba la makumbusho. Kutoka hapo rasi nyembamba huelekea magharibi hadi Ras Mkumbuu, yaliko mabaki ya msikiti mkubwa na makaburi yenye minara, mahali panapofikika kwa mashua kwa urahisi zaidi kuliko kwa miguu. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliandika juu ya kisiwa kilichoitwa Qanbalu ambacho wakaazi wake Waislamu walifanya biashara na nchi za ng'ambo, na wataalamu wengi wanaona kwamba alikuwa akiizungumza Pemba. Karibu na Wete, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu hizo za fedha zilipigwa kwa majina ya watawala wa pwani hii hii. Basi yule anayedhani kwamba Pemba ni shamba lililosubiri kugunduliwa na wageni ajue kwamba kisiwa hiki kilikuwa na sarafu zake na wageni wake kabla ya Wareno kuizunguka Afrika.

Njiani baina ya Chake Chake na Wete kipo kijiji cha Kidike, ambako popo wa Pemba hulala mchana wakining'inia mitini kama matunda. Popo huyu ni mkubwa, mwenye rangi ya kahawia nyekundu, na hapatikani mahali pengine popote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilihofiwa kwamba angetoweka kwa kuwindwa na kwa kukatwa misitu. Wanakijiji walielimishwa, wakakubaliana, wakamlinda. Leo popo hao huhesabiwa kwa maelfu.

Wete ni bandari ya zamani yenye sifa ya halua. Mashariki yake kiko kisiwa cha Kojani, ambacho wavuvi wake huenda dago kwa miezi katika pwani ya bara na kurudi kwao msimu ukigeuka. Kaskazini zaidi, baada ya Konde, barabara huingia ghafla katika msitu wa Ngezi. Ni kipande kilichosalia cha misitu iliyofunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu. Ndani yake kuna mitende ya mpapindi, ambayo asili yake ni Pemba, na kuna bundi mdogo na njiwa wa kijani ambao ni wa kisiwa hiki tu. Msitu ukiisha inaanza pwani ya Vumawimbi, mchanga mweupe kwa masafa marefu, na kwenye ncha ya rasi umesimama mnara wa taa wa Kigomasha, unaowaongoza manahodha wa mkondo wa Pemba, ambao kina chake ni cha mamia ya mita.

Hiyo ndiyo nchi tunayoizungumza. Uzuri wake hauko katika kitu kimoja cha kupigiwa picha. Uko katika kuwa vitu hivyo vyote bado vinatumiwa na wenyewe: njia za miguu zina wapitaji, madiko yana vyombo, misikiti ina jamaa, na magofu yana watu wanaoyasimulia.

FUNZO LA UNGUJA

Kabla ya kuamua la kufanya Pemba tunaye mwalimu wa karibu, nao ni ufukwe wa Unguja. Hapana ubishi kwamba utalii umeleta ajira, umejenga barabara na umekuwa nguzo ya mapato ya nchi. Lakini mwalimu huyo ana somo jingine, nalo halisomwi sana katika sherehe za kuweka mawe ya msingi.

Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi kuhusu maji katika vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilikutwa kwamba kaya ya mwenyeji ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, ilhali chumba kimoja cha nyumba ya wageni kilitumia wastani wa lita 686, na chumba cha hoteli ya daraja la juu kiliweza kufika lita 3,195. Maji hayo yote hutoka katika ardhi moja, chini ya mawe yale yale. Pampu ya hoteli inapovuta kwa nguvu, kisima cha kijiji hugeuka chumvi, na mwanamke aliyekuwa akichota hatua mia moja kutoka nyumbani kwake hununua maji kwa ndoo. Pemba ina mvua nyingi kuliko Unguja, lakini Micheweni ina ardhi ile ile ya mawe kama Nungwi, na rasi ya Kigomasha ni nyembamba.

Somo la pili ni njia. Kijiji cha pwani ni mahali penye milango miwili: mmoja unaelekea shambani na mwingine baharini. Mvuvi hupita mlango wa bahari alfajiri na wanawake wa mwani hupita maji yakitoka. Hoteli zilipojipanga ubavu kwa ubavu, milango mingi ya bahari ilisongwa, na katika baadhi ya sehemu mtu aliyezaliwa pale analazimika kujieleza kwa mlinzi ili afike kwenye maji aliyojifunzia kuogelea. Jambo hili lina uzito wa pekee Pemba, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hulimwa huko, na aghalabu wakulima wake ni wanawake.

Somo la tatu ni soko. Panapokuwa na wageni wengi wanaofika kwa haraka, mboga, mayai na hata samaki huagizwa kutoka mbali kwa sababu mkulima wa jirani hakuandaliwa. Vijana wa kijiji hugeuka papasi, wakimkimbilia kila anayeshuka garini. Na kazi za ofisini huchukuliwa na waliosoma kwingine. Hapo wenyeji hubaki watazamaji wa harusi iliyofanywa uani kwao.

FUNZO LA MISALI

Lakini Pemba haina haja ya kujifunza kwa makosa ya wengine peke yake. Inalo funzo lake la kujivunia, nalo liko katika kisiwa kidogo cha Misali, magharibi ya Chake Chake.

Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Nabii Khidhri alipita hapo, akaomba msala wa kusalia, na alipoambiwa haupo alisema kwamba kisiwa chenyewe, kinachoelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Kwa wavuvi Misali ni kambi, ni kimbilio la dhoruba na ni mwamba wenye samaki wa kutegemewa. Katika miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kukikodisha kwa ujenzi wa hoteli. Wavuvi walilalamika kwamba wangefungiwa riziki yao. Serikali iliwasikiliza, na mwaka 1998 Misali na bahari inayokizunguka vikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Wavuvi waliendelea kuvua, isipokuwa katika sehemu ndogo iliyowekwa akiba, na ada ya wageni ikapangwa iwafae wavuvi pamoja na hifadhi yenyewe. Mwaka 2005 utaratibu wa hifadhi ulipanuliwa kuufuata mkondo wote wa magharibi ya Pemba.

Hatusemi kwamba kila kitu Misali kimekwenda sawa. Doria hutaka mafuta, mafuta hutaka fedha, na wavunjaji wa taratibu hawakosekani. Lakini lipo jambo ambalo maofisa wetu hawana budi kulizingatia. Elimu ya hifadhi ilipotolewa kwa lugha ya vitabu vya kigeni haikuwagusa wavuvi. Ilipotolewa misikitini na barazani, kwa hoja kwamba viumbe ni amana na binadamu ni khalifa aliyekabidhiwa, watu waliielewa, kwa sababu ilikuwa yao tangu zamani. Huko Kisiwa Panza nako wavuvi walikubali kuifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa ili pweza wapate kukua, kisha wakaifungua pamoja. Hakuna polisi anayeweza kulinda mwamba kama kijiji kilichoamua kuulinda.

Misali, Kidike na Kisiwa Panza zinatufundisha jambo moja. Mahali ambapo mwenyeji ana sauti katika kupanga na fungu katika pato, yeye mwenyewe huwa mlinzi wa kile kinachomvuta mgeni.

WAJIBU WA SERIKALI

Kutokana na hayo tuna machache ya kuwaeleza wenye dhamana, nasi twayasema kwa heshima.

Kwanza, ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar iliwekwa chini ya Serikali kwa niaba ya wananchi, na wengi waligaiwa eka tatu tatu. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa kwamba ardhi isiwe chombo cha wachache kuwanyima wengi. Kwa roho ile ile, mkataba wowote wa kukodisha ufukwe au kisiwa kidogo ungesomwa hadharani katika shehia inayohusika, kwa Kiswahili, kabla ya kutiwa saini, na mipaka yake ikapimwa mbele ya wazee na wavuvi. Mwekezaji mwenye nia njema hana la kuogopa katika hilo; atapata jirani badala ya mgomvi.

Pili, maji na njia. Vyumba vihesabiwe baada ya maji kuhesabiwa. Mwenye kutaka kujenga aonyeshe atapata wapi maji yake bila ya kugusa visima vya kijiji, na taka zake atazipeleka wapi. Njia ya kwenda baharini na diko la wavuvi viandikwe katika ramani ya mradi kama haki, wala visiachwe viwe hisani ya meneja anayeweza kubadilika mwaka ujao.

Tatu, mambo ya kale. Ras Mkumbuu, Pujini, Mtambwe Mkuu na magofu ya Chwaka karibu na Tumbe ni hazina ambayo nchi nyingi zingeionea wivu. Mahali hapo panahitaji vibao vyenye maelezo, njia iliyofyekwa, mlinzi anayelipwa, na vijana wa kijiji waliofundishwa historia ya kweli ili waisimulie kwa ufasaha. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jengo moja la ofisi.

Nne, fedha za viingilio. Popote mgeni anapotoa ada, iwe Ngezi au Misali, iandikwe ubaoni kila mwezi: kilichoingia, kilichokwenda Serikalini, na kilichokwenda kijijini. Hesabu iliyowekwa wazi huzima maneno mengi ya vichochoroni.

Tano, safari. Meli ikaguliwe, abiria wahesabiwe, na nahodha awe na ujasiri wa kukataa kung'oa nanga bahari ikichafuka. Hili tunalidai kwa ajili ya Wapemba wenyewe kabla ya wageni. Chombo kinachomfaa mama mjamzito wa Micheweni kitamfaa na mtalii. Kilichotengenezwa kwa ajili ya mtalii peke yake, nauli yake humshinda mama yule.

WAJIBU WETU WANANCHI

Nasi wananchi tusikae pembeni tukaitazama Serikali kama kwamba kisiwa ni chake peke yake. Liko tatizo ambalo hakuna sheria inayoweza kulitibu, nalo ni la mtu kuuza haki ya shamba lake la pwani kwa fedha za kununulia pikipiki, kisha miaka mitano baadaye akaajiriwa kulinda lango la mahali alipokuwa akivuna minazi. Fedha za mauzo huisha. Pato la shamba lililoshirikishwa katika biashara hurudi kila msimu. Jamaa wanaomiliki kwa pamoja wakae kitako, wasikilizane, na wasiharakishwe na dalali.

Vijana wetu wajifunze lugha za kigeni, lakini wajue pia ya kusema ndani ya lugha hizo. Mtembeza wageni asiyejua Mkame Ndume alikuwa nani, wala kwa nini popo wa Kidike hawapatikani kwingine, atabaki kuwa mchukuzi wa mizigo. Wazee nao watoe walichonacho kabla hawajaondoka nacho. Wanawake, ambao ndio wenye mwani, mikeka na mapishi, waingizwe katika kamati zinazopanga bei na kugawa pato. Wasiitwe siku ya kupika tu.

Wapo wanaohofu kwamba wageni wataharibu adabu. Hofu hiyo tunaiheshimu, kwani Pemba ni nchi ya dini na staha. Lakini adabu hulindwa kwa kuelezwa. Mgeni anayeambiwa bandarini, kwa maneno mazuri, kwamba kijijini hapiti na nguo za kuogea, kwamba mwezi wa Ramadhani hali hadharani, na kwamba mtu huombwa idhini kabla ya kupigwa picha, kwa kawaida hufuata. Anayekuja Pemba badala ya kwenda kwenye ngoma za usiku za fukwe nyingine aghalabu amekuja kwa sababu anautaka ule utulivu. Tukimweleza taratibu zetu tunampa kile alichokifuata.

Idadi ya wageni si kipimo pekee cha mafanikio. Wageni wachache wanaokaa wiki nzima, wanaolala katika nyumba ya mwenyeji au hoteli ndogo, wanaokula samaki wa Kojani, ndizi za Mkoani na halua ya Wete, na wanaoongozwa na kijana wa kijiji hicho hicho, wanaweza kuacha kijijini fedha nyingi kuliko kundi kubwa lililolipia kila kitu Ulaya kabla ya kupanda ndege. Pemba inayo nafasi ya kuchagua njia hiyo kwa sababu bado haijachaguliwa nyingine. Nafasi hiyo ni ya muda. Fukwe za Unguja zilikuwa nayo katika miaka ya 1980, na haikurudi.

Siku moja, pengine mwaka huu huu, juu ya meza ya ofisa mmoja litawekwa jalada la ombi la ufukwe wa Pemba. Litakuwa na michoro mizuri na tarakimu za kuvutia. Tunamwomba ofisa huyo, kabla ya kuchukua kalamu, aulize mambo matatu: maji yatatoka wapi, wavuvi watapita wapi, na sheha na watu wake wamesema nini. Akipata majibu ya kuridhisha atie saini, nasi tutampongeza. Asipoyapata alirudishe jalada lilikotoka. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ahame.